Mmea wa Mpangaji

Anayepanga muzigo, yaani chumba kimoja, hapa Mulago hana shamba wala bustani, na mara nyingi hata kibaraza anagawana na jirani. Ardhi ya Buganda iligawanywa kwa maili za mraba katika Mkataba wa 1900, na wengi wetu tulifika kilimani hapa ugawaji ukiwa umekwisha zamani. Basi mtu akionyeshwa mmea usiotaka udongo, hucheka kwanza, kisha huuliza bei.

Mmea wenyewe ni tilandsia. Kwao ni bara la Amerika, tangu kusini mwa Marekani hadi Argentina, ambako hukaa juu ya matawi na miamba. Haunyonyi mti. Mizizi yake ni ya kushikilia tu. Maji na chakula huingia kupitia majani, ambayo yamefunikwa na magamba madogo ya kijivu. Ni wa ukoo mmoja na nanasi, kwa hiyo jamaa zake wa Kayunga tunawala kila siku.

Wauzaji wa maua wana sifa moja wanayoupa, nayo inaniudhi: eti hauhitaji chochote. Naifahamu sifa hiyo, maana hapa Mulago hupewa watu pia. Pita karibu na hospitali kuu jioni uwaone ndugu wa wagonjwa waliotoka mbali, nguo wamezianika kwenye majani, mikeka wameitandika. Ndio wanaomwosha mgonjwa na kumlisha. Mpita njia husema, “Wamezoea hao.” Lakini aliyezoea kidogo bado anakihitaji hicho kidogo, tena kwa wakati wake. Tilandsia nayo hainyauki upesi ikakushtua. Hufifia rangi, majani yakajikunja taratibu, na mwenyewe bado anawasimulia wageni jinsi ilivyo stahimilivu.

Uzamishe kwenye beseni dakika 20 hadi 30, mara moja kwa wiki, na uongeze siku wakati wa ukavu wa Januari na Februari. Maji ya mvua ndiyo bora, ila mvua ya kwanza iache ioshe mabati. Ukiutoa, ukung’ute, uugeuze kichwa chini, upigwe na hewa mpaka ukauke. Hapa ndipo wenye huruma nyingi wanapoua: maji yakituama katikati ya majani, kitovu huoza. Tena iwe asubuhi. Sawa na nanasi, tilandsia hufunga vitundu vya majani yake mchana ili isipoteze maji, ikavifungua usiku kuvuta hewa. Ikilala imelowa, inakosa pumzi. Iweke karibu na dirisha au mlango, penye mwanga lakini si jua kali la adhuhuri, na mbali na moshi wa sigiri.

Huchanua mara moja tu, kisha hufa polepole huku machipukizi yakitoka ubavuni. Muganda hahitaji maelezo zaidi: ni mgomba ule ule.

Wapo wanaosema ya nini mgeni wa Amerika, twende msitu wa Mabira tukang’oe okidi zetu. Siungi mkono. Anayetaka mimea ya kwetu na atazame juu, kwenye miti mikongwe, aone kangaga wenye majani mapana wakikusanya majani makavu nyuma ya ngao zao, wakajitengenezea udongo huko huko juu. Waachwe walipo. Okidi ya msituni ikifikishwa kwenye muzigo wenye dirisha moja haina maisha marefu, na msitu umeshapungukiwa.

Tilandsia ya kununuliwa ina faida nyingine ambayo muuzaji huisahau. Mwenye nyumba akipandisha kodi, mpangaji hupakia godoro, sigiri, majerikeni, na kipande cha mti alichoufungia mmea wake. Hakuna chungu cha kuvunjika wala udongo wa kumwagikia watu. Huko aendako, kabla hajalipa kodi ya mwezi wa kwanza, aulize dirisha linatazama upande gani.