Shahidi wa Mirungi

Amma baad. Vijana wa mtaani walitujia usiku wa harusi wakatuuliza: "Sheikh, mirungi hailevyi kama tembo, basi mwatukatazia nini?"

Swali hili si la kudharauliwa, wala si jipya. Ibn Hajar al-Haytami, imamu mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyeishi Makka katika karne ya 10 ya Hijria, aliletewa swali hili kutoka Yemen, akatunga risala nzima. Waliomsimulia walihitilafiana: huyu anena yampa nguvu, yule anena yamdhuru mwili na akili. Kwa hitilafu hiyo hakukata kuwa ni haramu, illa alionya mtu ajiepushe nayo.

Nami hapo ndipo nionapo uzito wa jambo. Shahidi wa mirungi ni nani? Ni mlaji mwenyewe. Naye aulizwa wakati gani? Aulizwa saa nne ya usiku, shavu limejaa, maneno yamtoka kama maji ya mfereji, kila alifikirilo aliona limekwisha timia. Leo yajulikana sababu yake. Ndani ya jani bichi mna dawa iitwayo kathinoni, nayo hupungua jani likinyauka; ndipo mirungi ikafungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa kutoka Meru hadi Mombasa. Dawa hiyo huondoa usingizi na njaa, huuendesha moyo mbio, huzidisha nguvu ya damu mishipani, hufunga choo. Wako wachache waonao na kusikia visivyokuwapo. Kisha ikimtoka mtu humwacha mnyonge, mwenye hasira kwa jambo dogo. Basi yule asemaye saa nne si mlaji, ni mirungi yajisifu. Na kadhi hapokei ushahidi wa mwenye kujivutia nafuu.

Mtu akinena: wako watu wa Yemen wakeshao kwayo katika dhikri. Naam, wako, nasi hatuwahukumu. Lakini mkeshaji wetu aliyekesha kwa soga, alfajiri imempata wapi? Na mashahidi wengine hawaitwi: mke aliyengoja fedha za sokoni, na mtoto aambiwaye kila asubuhi anyamaze, baba amelala.

Vijana wale niliwaambia warudi asubuhi, waniulize swali lile lile. Alikuja mmoja tu, nayo adhuhuri imekwisha adhiniwa. Aliketi kitako, kichwa mikononi, wala hakuuliza kitu.