Muda ni Haki ya Nani?

Ndugu msomaji, mkate wa slesi unaoununua jioni kwa ajili ya chai uliumuka kwa saa ngapi? Wengi wetu hatujui wala hatuulizi. Lakini ndani ya jambo hilo dogo kuna swali la maadili: muda wa kuandaa chakula ni haki ya mlaji, au ni gharama tu ambayo mtengenezaji anaweza kuipunguza apendavyo?

Wanaosifu mkate wa kale hutoa mfano wa Italia. Mji wa Altamura, kusini mwa nchi hiyo, una mkate wa ngano ngumu, maji, chumvi na chachu ya asili, na jina lake linalindwa na sheria ya Ulaya tangu 2003. Kinyume chake ni mtindo uliobuniwa Chorleywood, Uingereza, mwaka 1961: mashine hukanda unga kwa kasi kwa dakika chache, viungo vya kusaidia huongezwa, na saa za kungoja hupungua sana.

Je, tuseme wa kale ni mwema na wa kiwandani ni mwovu? Hapana. Ciabatta, ambao wengi huudhania kuwa mkate wa mababu wa Kiitaliano, ulibuniwa mwaka 1982. Ukale peke yake si hoja. Tena mkate wa bei nafuu umewashibisha maskini wengi, na kumlaumu mama anayewanunulia wanawe si uadilifu.

Basi kipimo ni kipi? Twende Nchelenge, Zambia, ufukoni mwa Ziwa Mweru, ng'ambo ya Kongo. Mkate unauzwa huko, lakini chakula cha watu ni muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Kina mama huumenya, huuloweka siku kadhaa hadi ulainike, huuanika, ndipo upatikane unga wa ubwali. Hapa muda si pambo. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, ukame na njaa viliwafanya watu waifupishe kazi hiyo, na zaidi ya watu 1,000 wakapooza miguu.

Wale hawakuwa wadanganyifu. Walikuwa na njaa. Lakini mfikirie muuzaji aliyeshiba, anayeutoa muhogo majini kabla ya wakati ili awahi soko. Unga wake ni mweupe kama wa jirani yake. Mnunuzi hazioni siku zilizokosekana. Alichonacho ni kumwamini tu.

Tunakumbuka kisa kilichomo katika Sahihi Muslim: Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta unyevu. Mwenye mali alijitetea kuwa ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuiacha nafaka iliyolowa chini, mahali ambapo watu hawaioni. Na zingatia: hakuna mnunuzi aliyekuwa amemuuliza. Wajibu wa kudhihirisha ulitangulia swali.

Kutokana na hayo naona mambo mawili. Muda unaomkinga mlaji na madhara ni haki yake, na haupunguzwi. Muda unaoongeza ladha tu unaweza kupunguzwa, kwa sharti kwamba mlaji hafichwi. Kiwanda kinachotumia kilainisho cha unga E920 kinaweza kukipata kwa njia ya bakteria, au kutokana na manyoya ya ndege, au hata nywele za binadamu. Kwa Muislamu hilo si jambo dogo. Asiyeliandika ameuacha unyevu chini ya rundo.

Nasi wanafunzi tusijione watazamaji. Kazi iliyonakiliwa usiku mmoja na kazi iliyosomewa muhula mzima zinaweza kupata alama sawa, na vyeti vyake vikafanana kama unga ule wa sokoni. Tofauti itaonekana siku ambayo mgonjwa atakunywa dawa tuliyoipima, au familia italala chini ya paa tulilolichora. Watu hao hawatakuwa na njia ya kuhesabu siku tulizoziruka. Watatuamini, kama mnunuzi wa Nchelenge anavyoamini kuwa muhogo ulikaa majini hadi ukaiva.

Wallahu a'lam.