Mbwa wa Kazi katika Nyumba Isiyo na Kazi

Swali la mbwa gani afaa kufugwa nyumbani huonekana dogo, na watu wengi hulijibu fedha ikiwa mkononi, kabla ya kulifikiri. Lakini swali dogo huweza kubeba jambo kubwa. Mtu anunuaye mbwa hanunui meno na mlio tu. Hujitwalia maisha ya kiumbe kingine kwa miaka kumi au zaidi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mbwa aifaa nyumba. Yapasa kuuliza pia kama nyumba yamfaa mbwa.

Nkuhungu, kata mojawapo ya Jiji la Dodoma, ni mahali pazuri pa kulipima swali hili. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na tangu 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia huko kwa dhati, jiji limezidi kupanuka na kupokea wageni. Nyumba mpya huzungushiwa ukuta, ukuta hutiwa geti, na juu ya geti aghalabu huandikwa maneno mawili: Mbwa Mkali. Nyuma ya maneno hayo yamkini yuko mbwa wa kienyeji. Lakini mwenye nyumba akiwa na uwezo hutamani mbwa wa Kijerumani, yule ambaye wengi humwita mbwa wa polisi. Humtamani kwa kuwa ni hodari, ana akili, na umbo lake latisha. Sifa hizo ni za kweli. Linalosahauliwa ni asili yake.

Mbwa huyo hakutokea hivi hivi. Alitengenezwa na watu. Mwaka 1899, huko Ujerumani, Max von Stephanitz, aliyekuwa afisa wa askari wa farasi, alinunua mbwa mmoja wa kuchunga, akamwita Horand, akaanzisha chama cha kuendeleza uzao wake. Alichokitaka kupita uzuri wa sura kilikuwa kufaa kwa kazi. Mbwa aliyeweza kwenda kutwa kando ya kundi la kondoo bila kuchoka ndiye aliyechaguliwa kuzaa, mvivu aliachwa. Hivyo ndivyo walivyofanywa pia Malinois wa Ubelgiji na mbwa wachungaji wa mpakani mwa Uskoti na Uingereza. Kizazi baada ya kizazi, mwanadamu aliitia kiu ya kazi katika damu ya mnyama. Kiu hiyo haikatiki kwa sababu mwenye mbwa hana kondoo.

Mbwa wa namna hii akifungwa mnyororo pembeni mwa uwanja mdogo, nguvu zake hazilali. Hufukua ardhi, hutafuna mlango, huzunguka mahali pamoja mpaka nyayo zake zikaacha duara mchangani, hubwekea kivuli na upepo. Na upepo Dodoma si mgeni. Mtoto akimbiaye uani huwa kwake kama kondoo aliyetoroka kundi, hata akamgonga au kumuuma kisigino ili arudi. Muuza mboga apitaye nje huwa adui. Hapo mwenyewe husema kuwa mbwa ameharibika. Kwa kweli mbwa hakuharibika: alinyimwa kazi, akajitafutia.

Nchi hii ya Ugogo yajua mbwa wa kazi tangu zamani. Wagogo, wakulima wa mtama na uwele na wafugaji wa ng'ombe, walikuwa na mbwa waliofuatana na watoto wachungaji mchana na kubweka fisi alipokaribia zizi usiku. Tusiyapambe maisha ya mbwa hao. Walikula kidogo, na fimbo waliijua. Hata hivyo walikuwa na jambo moja ambalo mbwa wa getini, mwenye bakuli lililojaa, hana: walihitajiwa, na mwili wao ulitumika kwa kile ulichokiweza. Mafundisho ya Uislamu nayo humruhusu mtu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo au wa kulinda shamba, wala hayapendi afugwe bila haja. Hata asiye wa dini hiyo aweza kuona hekima iliyomo: ujirani wa mtu na mbwa ulijengwa juu ya kazi, na kazi ikiondolewa, jambo jingine la haki lazima liwekwe mahali pake.

Wako watakaosema kwamba mbwa ni mnyama tu, na kwamba ni aibu kumlilia mbwa asiye na kazi katika nchi ambayo vijana wengi huitafuta kazi wasiipate. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini huruma si maji ya mtungi hata tukimpa mmoja apungukiwe mwingine. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 yatambua haki ya kila mtu kufanya kazi, kwa kuwa kukaa bure humla mtu kwa ndani. Ikiwa twajua hivyo juu yetu wenyewe, twawezaje kujifanya hatujui juu ya kiumbe ambacho sisi wanadamu ndio tuliokifanya kisiweze kukaa bure? Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yamhesabu mnyama kuwa kiumbe chenye hisia. Sheria haiingii kila ua. Dhamiri ya mwenye ua ndiyo iwezayo kuingia.

Wengine watasema: wezi wapo, na nyumba lazima ilindwe. Ni kweli. Lakini kulinda nyumba ni kusikia na kubweka, na mbwa wa kienyeji huyaweza yote mawili. Manyoya yake mafupi huvumilia jua la uwanda huu kuliko manyoya mazito ya mbwa wa Ulaya. Akipewa chakula, maji, kivuli na chanjo ya kichaa cha mbwa, hutimiza wajibu wake kwa gharama ndogo. Anayemdharau kwa sababu ya jina tu hatafuti ulinzi, anatafuta fahari.

Pana jambo la mwisho, nalo hufichika kuliko yote. Baba hununua mbwa, watoto hufurahi siku tatu, kisha kazi ya kumlisha, kumsafisha na kumtembeza humwangukia msichana wa kazi, ambaye hakuulizwa, ambaye pengine amwogopa, na ambaye siku yake imekwisha kujaa. Ndipo mnyama asiye na kazi na binadamu aliyezidiwa na kazi hukutana katika ua mmoja, na dhuluma mbili hutokana na tamaa moja.

Basi sisemi kwamba mbwa wa kazi asifugwe kabisa katika nyumba ya familia. Nyumba yenye mtu atakayeamka kabla ya jua kuwa kali ili akimbie naye, atakayemfundisha kutii na kutafuta vitu kwa pua, na atakayeyafanya hayo tena jioni, mwezi wa kwanza na mwaka wa nane, inamfaa. Nayo itapata rafiki asiye na mfano. Lakini kabla ya kununua, watu wa nyumba wakae pamoja, pamoja na yule msichana, waulizane: Nani atamtembeza alfajiri? Nani atafanya hivyo baba akisafiri kwenda Dar es Salaam? Wote wakinyamaza, ukimya huo ndio jibu. Waitii, wamtafute mbwa ambaye maisha yao yaweza kumtosha.