Ole Wake Amfukuzaye Refa

Wapendwa wa Babati, ninyi mnaojaa uwanja wa Kwaraa na ninyi mnaousikia tu ukivuma mkiwa sokoni, leo nina neno moja: nguvu isiyokubali mwamuzi ni msiba.

Tegeni sikio. Mwaka 1946 kijana mmoja aliingia Keya, jeshi la mkoloni. Mwili alikuwa amejaliwa! Akacheza raga, akaogelea, akavaa glovu. Toka 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika uzito wake. Jina lake Idi Amin.

Ulingoni kengele ikilia, bondia hushusha mikono. Refa akimwambia rudi kona, hurudi, hata kama bondia angeweza kumwangusha refa huyo kwa ngumi moja. Amin naye aliupata ubingwa wake chini ya kanuni hiyo. Nguvu ilikuwapo, na juu ya nguvu palikuwa na kengele.

Januari 25, 1971 akapanda ulingo mwingine, ule wa utawala wa Uganda, safari hii kwa mtutu wa bunduki. Alianza na nani? Alianza na marefa! Bunge likavunjwa. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka akakamatwa Mahakama Kuu, Septemba 1972, asirudi tena. Askofu Mkuu Janani Luwum alipothubutu kusema, akauawa Februari 1977. Kimya kikatanda, na katika kimya kile akina mama wa Uganda wakawatafuta watoto wao wasiwaone.

Mwishoni mwa 1978 majeshi yake yakaingia ardhi yetu hadi Mto Kagera. Vita ikiwa imewaka, akatangaza yuko tayari kuzipiga na Mwalimu Nyerere, Muhammad Ali awe refa. Mnacheka? Mimi sicheki. Miaka minane alikuwa akiwaondoa marefa; alipokuja kumkumbuka mmoja, ilikuwa ni kwa mzaha. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka, bingwa akiwa mbioni. Alifia Jeddah mwaka 2003, ugenini.

Paulo alipomwandikia Timotheo waraka wa pili, alimfundisha kuwa taji la mwanamichezo huanzia kwenye kanuni. Aliyeshinda kwa kuzivunja hana taji. Ana kofia tu kichwani.

Sasa pandeni nami kupitia Dareda hadi Mbulu, mkoani kwetu hapa hapa. Huko ndiko alikotoka John Stephen Akhwari. Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, alianguka, akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda, giza limeingia, ndipo Akhwari akachechemea uwanjani na bandeji mguuni. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Hakukata njia. Hakumlaumu mtu. Hakupata medali, lakini nani leo anamwonea aibu?

Basi wewe kijana unayetaka udiwani kwa sababu mtaa mzima unakushangilia ukifunga bao, jipime: ukionyeshwa kadi, unatoka au unamvaa refa? Nawe mpiga kura, usimchague mtu kwa upana wa kifua. Mtazame siku aliyoshindwa! Mtazame kikao kinapomkatalia, mahesabu ya kikundi yanapodaiwa, mtoto wa maskini anapomwambia umekosea. Anayefoka mbele ya filimbi ya mchangani atafanya nini mbele ya mahakama?

Wala tusijitoe. Baba nyumbani, mchungaji kanisani, mwenyekiti wa kijiji: kila mwenye nguvu kidogo ana refa wake, na kila siku anaombwa amtii au amfukuze.

Ndugu zangu, kengele ikilia, shusheni mikono. Ishusheni mkiwa bado na nguvu ya kupiga.

Amina.