Mioyo, Macho na Samba: Umaarufu katika Uwanja wa Ngoma za Kisukuma

Wanafalsafa wa dini wanapojadili umaarufu, mara nyingi huanzia upande wa anayesifiwa: je, ni halali autafute, na sifa zitaifanyia nini nafsi yake? Mjadala huo una haki yake, ila huwasahau wanaotazama, ambao bila wao hakuna sifa ya kutafutwa wala ya kukimbiwa. Katika nchi ya Wasukuma, inayoenea kutoka Mwanza na Simiyu hadi Shinyanga na sehemu kubwa ya ukanda wa dhahabu wa Geita, watazamaji wamekuwa na nafasi yao maalumu tangu karne ya 19, na nafasi hiyo inaweza kuwaonyesha wanateolojia jambo ambalo vitabu vyao vimeligusa kwa mbali tu.

Mapokeo yanasema kwamba Ngika na Gumha, waliokuwa manju, yaani watunzi na viongozi wa ngoma, na wakati huohuo waganga, walishindana hadi wafuasi wao wakagawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, ambavyo bado vinagawa makundi ya ngoma hadi leo. Baada ya mavuno, makundi mawili hasimu hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila moja likiimba nyimbo zake na kumkejeli mwenzake, huku watu wakiwa huru kutoka upande huu kwenda ule kadiri wanavyovutwa; na mshindi ni yule ambaye upande wake umejaa watu zaidi. Kila chama kina dawa yake ya mvuto, iitwayo samba, ambayo manju hukabidhiwa na waliomtangulia, na ambayo hudhaniwa kuwavuta watazamaji na kuwazuia wasiondoke.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza jambo linalofanana na hili katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, pale alipoichambua jaha, yaani cheo cha mtu machoni pa wenzake. Kwa maelezo yake, mali ni kumiliki vitu na jaha ni kumiliki mioyo. Na binadamu huipenda jaha kuliko mali kwa sababu jaha humfikisha mtu kwenye mali kwa urahisi, kwa sababu huongezeka yenyewe kadiri sifa zinavyopita kinywa hadi kinywa, na kwa sababu mioyo, tofauti na fedha, haiibwi na wezi. Sababu mbili za kwanza mtu yeyote aliyefuatilia muziki wa bongo fleva atazikubali bila ubishi. Ya tatu ingewashangaza Bagika na Bagalu, kwa kuwa katika uwanja wao mioyo huibwa mchana kweupe, mbele ya mwenyewe, na wizi huo ndio mchezo wenyewe.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki aliyefariki mwaka 1274, alilikabili suala hili kwa njia nyingine. Alipojiuliza kama heri ya binadamu yaweza kuwa katika utukufu wa kusifiwa, alijibu kuwa haiwezekani, kwa sababu ujuzi wa Mungu huumba kinachojulikana, ilhali ujuzi wa binadamu haukiumbi bali hukifuata kikiwa kimekwishakuwapo, na mara nyingi hukosea. Kwa hiyo mtu akijulikana na watu milioni moja, kujulikana huko hakumwongezei wema wowote ambao hakuwa nao.

Hoja hiyo ni nzito, lakini ardhi ya Shinyanga yenyewe ina mfano unaoitikisa. Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui ulioanzishwa na mwanajiolojia John Williamson kutoka Kanada, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kwa harusi yake. Ikakatwa hadi kubaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua, kazi ya nyumba ya Cartier, ambalo malkia huyo alilivaa mbele ya dunia kwa miongo mingi. Mwaka 2022 jiwe jingine la waridi kutoka Mwadui, la karati 11.15 tu, liliuzwa kwa mnada Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57 za Marekani, likiwa limepewa jina la Williamson Pink Star, lililounganisha majina ya almasi mbili mashuhuri, moja ikiwa ile ya malkia. Uchache wa mawe ya rangi hiyo unaeleza sehemu kubwa ya bei, lakini hakuna muuzaji ambaye angehangaika kuazima majina kama majina hayana kazi. Thomas angejibu kwamba bei si wema wa jiwe, na angekuwa sahihi. Hata hivyo, yapo mambo ambayo kuwapo kwake ni kutazamwa, na umaarufu ni mojawapo. Manju asiye na umati anaweza kubaki mtu mwema na mtunzi hodari, ila hajashinda.

Hapa ndipo samba inapoleta utata, kwa maana kama dawa ndiyo inayovuta, basi miguu ya watazamaji haikuamua lolote. Uwanja wa ngoma umebeba nadharia mbili zisizopatana, ya dawa na ya hukumu, na umeziacha ziishi pamoja: manju huzindikwa, na bado hufanya mazoezi kwa miezi, hutunga nyimbo mpya na hubuni maonyesho ya kushtua, kama wanavyofanya wacheza na nyoka. Yamkini dawa inamfaa zaidi anayeshindwa, kwa kuwa inamwezesha kusema kwamba sanaa yake haikuzidiwa. Wasanii wa leo wana kisingizio kilekile, wakizungumzia nyota, yaani mvuto ambao mtu anadhaniwa kuzaliwa nao, na kulalamika kwamba nyota hiyo imechafuliwa au kuibwa.

Lakini imani kwamba mvuto na bahati vinakaa ndani ya kitu kinachoshikika haiishii kwenye visingizio. Kuanzia mwaka 2007 hivi, Kanda ya Ziwa ilishuhudia mfululizo wa mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na waganga waliowaaminisha wateja, wakiwamo wachimbaji wa madini, kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri. Na Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya iliyokuwa wakati huo ndani ya mkoa wa Shinyanga na ambayo sasa ni ya Geita. Kuitwisha samba damu hiyo kungekuwa dhuluma, kwa sababu samba ni dawa ya mchezo. Kinachobaki ni kwamba nadharia inayomnyang'anya mtazamaji hukumu yake na kuiweka ndani ya kitu haina mpaka wake yenyewe. Inahitaji mpaka kutoka nje.

Jukwaa la sasa limeitupa dawa, angalau hadharani, lakini limeitupa miguu pia. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, Basata, liliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz uliobeba jina la Mwanza, kwa madai ya maneno yasiyo na maadili. Desemba wasanii hao wakauimba jukwaani jijini Mwanza, wakafungiwa wao wenyewe, na adhabu ikaondolewa baada ya kuomba radhi. Katika mabishano hayo zilisikika sauti za dola na za wasanii. Watazamaji walitajwa kama watu wa kulindwa au kama idadi. Mtandaoni, anayetazama kwa mapenzi, anayetazama kwa dharau na anayetazama ili apate cha kutukana huhesabiwa sawasawa, kila mmoja jicho moja, na wote watatu humwongezea msanii kipato. Anayechukizwa hana upande wa pili wa uwanja wa kuhamia. Akibaki kulaani, amemwongezea mtu yuleyule umati. Kwa kipimo cha al-Ghazali, hii haijafikia hata kuwa jaha, kwa sababu jaha, pamoja na hatari zake zote, ilidai moyo.

Kanisa Katoliki lilikutana na suala hili la watazamaji mapema. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza kuijenga Bujora, karibu na Kisesa nje ya jiji la Mwanza, kuwa kituo cha utamaduni wa Kisukuma, na sikukuu ya Bulabo inayoadhimishwa hapo iliunganisha mashindano ya Bagika na Bagalu na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Liturujia ya sherehe hiyo, kwa mapokeo ya Kanisa, ilitungwa na Thomas wa Akwino mwenyewe, mtu aliyefundisha kwamba kujulikana hakumwongezei mtu chochote. Siku hiyo waumini huiandama Ekaristi, ambayo kwa macho haina cha kumshangaza yeyote, na siku hiyohiyo umati uleule hugawanyika kati ya ngoma mbili zinazoupigania kwa kila mbinu. Clement angeweza kuyapiga marufuku mashindano kwa sababu ya dawa, kama wamisionari wengi walivyofanya kwa ngoma za maeneo yao, au kuyageuza kuwa maonyesho ya jukwaani yenye majaji na alama. Yaliachwa yakiwa mashindano, na watazamaji wakaachiwa uhuru wa kuvuka uwanja, jambo ambalo kitabu cha Thomas hakikulipangia mahali.