Pua ya Arfaja na Kipimo Chetu



Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, siku ya Kulab, kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha. Baada ya muda pua ile ikaanza kunuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Kisa kimo kwa Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, na kila palipo na mjadala wa kurekebisha sura utakisikia kikitajwa haraka kama dalili, kisha watu wanaendelea na mambo mengine.

Mimi naomba tukae nacho kidogo. Dhahabu ni haramu kwa wanaume. Arfaja hakuwa anakaribia kufa. Mtu aliyekatwa pua anaishi, anaswali, anafanya biashara. Tena tayari alikuwa na pua ya kumsitiri. Kilichobaki ni harufu, na uzito wa kukaa na watu akiwa na harufu ile. Kwa hilo tu katazo likalegezwa, wala hakuambiwa asubiri apate ujira wake Akhera. Anayesema sharia haisikii maumivu ya mtu mpaka yafikie kufisha amekisoma kisa hiki nusu.

Nimelazimika kukirudia kwa sababu ya swali lililoletwa katika darsa yetu ya akina dada muhula huu. Mwenzetu mmoja alianguka kutoka kwenye bodaboda, mfupa wa pua ukavunjika, ukaunga vibaya kidogo. Amebaki na kibonde juu ya pua ambacho unaweza kula naye sahani moja usikione. Yeye anakiona. Saluni moja mjini imemwahidi kukijaza kwa sindano, nusu saa tu. Akauliza: huku ni kujitibu, au ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu? Alijibiwa upesi mno. Wapo waliosema haramu, avumilie. Wapo waliosema mwili ni wake, na Mwenyezi Mungu anapenda uzuri. Ninayoandika hapa si fat-wa, maana mimi nasomea uhasibu. Ni fikra za mwanafunzi kwa wenzake.

Wanaokataza wana dalili nzito. Katika Bukhari na Muslim imo hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) inayowalaani wanaochanja chale, wanaong'oa nyusi, na wanaotenganisha meno kwa ajili ya urembo wakibadilisha maumbile. Lakini Imam Nawawi, alipoisherehesha Sahih Muslim, alisimama kwenye maneno hayo: kwa ajili ya urembo. Akaeleza kwamba aliyehitaji kufanya hivyo kwa matibabu au kwa kasoro ya jino hana ubaya. Basi mlango wenyewe ni kasoro. Na kasoro ni nini?

Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, likatoa azimio kuhusu upasuaji wa urembo. Liliruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa, kama mdomo uliopasuka na pua iliyopinda sana, na kasoro zilizoletwa na ajali au moto. Likakataza kubadili sura iliyo sawa kwa kufuata matamanio na kuiga wengine, na hapo pia pua ikatajwa. Yaani kiungo kimoja kimesimama pande zote mbili za mstari.

Kwa mwenzetu naona jambo ni jepesi. Kurudisha pua aliyokuwa nayo kabla ya ajali si kubadilisha maumbile, ni kuyarudisha. Udogo wa kibonde hauligeuzi hilo. Kidole kikivunjika kikaunga kikiwa kimepinda, hatumpimii mtu kimepinda kiasi gani kabla ya kumwambia aende kwa daktari. Wala simwoni haja ya kulia mbele yetu ili tuamini kwamba anaumia.

Kazi iko kwetu sisi wengine. Mimi nina kinundu juu ya pua, nimezaliwa nacho, na bibi yangu kule Mombasa anacho vilevile. Azimio linasema "sana". Sana kwa kipimo cha nani?

Kipimo cha kwanza tunacho mfukoni. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwa hesabu kwamba picha ya kujipiga kwa simu, ikiwa umbali wa kama sentimita 30 hivi kutoka usoni, huonyesha pua ikiwa pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo ukipigwa kwa umbali wa mita moja na nusu. Kilicho karibu na lenzi hukuzwa, na pua ndiyo iliyotangulia mbele. Wangapi kati yetu tumeichukia pua ambayo haipo popote isipokuwa kwenye simu?

Kipimo cha pili ni kikongwe zaidi, na kilipita hapahapa. Mwaka 1862 Speke alikaa katika kasri la Kabaka Mutesa, na katika kitabu chake cha 1863 akadai kwamba watawala wa falme za huku ni kizazi kilichotoka Uhabeshi, akitazama sura zao. Fikra hiyo ikarithiwa. Wabelgiji nchini Rwanda walipima watu pua, na miaka ya 1930 wakatoa vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Mwaka 1994 wapo waliouawa kwenye vizuizi kwa umbo la pua tu. Leo hapa Kampala utamsikia mtu akimsifia binti pua nyembamba kana kwamba ni sifa isiyo na historia. Ina historia, tena ya damu.

Nitapingwa hapa. Nitaambiwa wengi hawatafuti urembo, wanatafuta kutotazamwa tu. Ni kweli. Mwaka 1898 mjini Berlin daktari Jacques Joseph, mwana wa rabi, alimpunguza pua mtu aliyeona aibu kuonekana hadharani, akawaeleza madaktari wenzake kwamba huzuni ya mtu yule nayo ni maradhi. Wengi waliomwendea baadaye walikuwa Wayahudi waliochoka kutambulika kwa pua. Siwezi kuwalaumu hata kidogo. Ila tunajua yaliyofuata Ujerumani, na hayakuzuiwa na kisu cha Joseph. Ubaya ulikuwa kwenye macho ya waliokuwa wakitazama. Kwa hiyo kinundu changu nakiacha, na anayeumizwa na kipimo cha simu au cha Speke ningemshauri akiweke pembeni kipimo kwanza. Tena kuna hali ya kiakili ambapo mtu huona kasoro kubwa mahali ambapo wengine hawaoni kitu. Huyo upasuaji kwa kawaida haumtulizi, na anayemhitaji ni daktari wa akili, bila aibu yoyote.

Turudi kwenye ile sindano, kwa sababu uhalali wa kutibu hauihalalishi saluni. Kinachodungwa mara nyingi ni jeli ya asidi ya hyaluroniki. Hainyooshi mfupa, inajaza bonde ili macho yasilione, na baada ya miezi kadhaa huyeyuka, ukarudi kulipa tena. Mishipa ya damu ya pua imeungana na ile ya macho. Jeli ikiingia ndani ya mshipa, ngozi inaweza kufa au mtu akapofuka. Daktari anayejua kazi huwa na dawa ya kuiyeyusha papo hapo. Muulize mwenye saluni kama anayo. Kujidhuru nako kumekatazwa, na kwa hilo maulamaa hawatofautiani.

Aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, aliyesajiliwa na baraza la madaktari la Uganda, na kwanza achunguzwe kama anapumua vizuri pande zote mbili, maana mfupa uliounga vibaya mara nyingi huziba ndani zaidi ya unavyoonekana nje. Ikibidi kupasuliwa, ajue uvimbe huchukua hata mwaka kuisha kabisa, na kwamba ngozi yetu nyeusi hupata makovu yanayotuna kwa urahisi zaidi. Hilo aliulizie mapema.

Limebaki swali ambalo sina jibu lake kamili. Hospitali ya Kiruddu ndiyo yenye kitengo cha serikali cha majeraha ya moto na upasuaji wa kurekebisha viungo. Wanaolala pale ni watoto walioungua na wanawake waliomwagiwa tindikali. Kibonde kidogo ni haki yake kukitibu, hilo nimesema na sirudi nyuma. Lakini kuwa na haki ya tiba na kuwa na haki ya kitanda kile, juma hili, mbele ya mtoto yule, naona ni mambo mawili, na la pili sijaona tukilijadili katika darsa yoyote. Mwenye elimu zaidi yangu aandike toleo lijalo.