Je, Mwenye Njaa Aweza Kuwa na Furaha?

Naomba nikuulize swali moja, nawe usilijibu haraka haraka. Je, mtu mwenye njaa aweza kuwa na furaha? Sisemi kuchekacheka, maana kucheka hata mlevi hucheka. Nasema furaha ile inayokaa, ile ambayo mtu huamka nayo asubuhi.

Swali hili sikulipata kitabuni. Lilinijia jikoni kwa bibi yangu, hapa Mpwapwa, mwaka mmoja ambao mvua ilitugeuka. Nilikuwa nimemaliza chuo. Cheti ninacho, kazi sina. Nilirudi nyumbani na begi moja na hasira mbili: hasira kwa wakubwa ambao hawakuniajiri, na hasira kwa wenzangu walioajiriwa. Nikawa mtu wa kukaa barazani na kununa. Salamu ya watu naitikia kwa shida, kanisani naenda kwa vile bibi ananiamsha.

Kwa asiyeijua Mpwapwa, ni mji mkongwe chini ya milima ya Kiboriani, kama kilomita 120 hivi kutoka Dodoma mjini. Wamisionari wa Kianglikana walifika hapa tangu miaka ya 1870, na tangu mwaka 1991 tuna Dayosisi yetu wenyewe. Lakini mzee kuliko kanisa hapa ni ukame. Huku mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Ikikosea hapo, basi, unasubiri mwaka mzima. Na ikija kwa fujo nayo ni balaa: mvua za Desemba 2009 ziliizoa reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama. Kwa hiyo sisi hulia ikikosekana, na hulia ikizidi.

Mwaka huo ninaousema tulipanda mtama Desemba. Ukaota vizuri, ukatutia moyo. Januari likaja jua. Siku kumi, siku ishirini, mwezi. Kufikia katikati ya Februari shamba lilikuwa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Ndani tulibakiwa na mtama kidogo kwenye kilindo, lile pipa letu la magome ya mti, na kibuyu kimoja cha mbegu kilichotundikwa juu ya moshi.

Sasa kilichoniudhi si njaa peke yake. Kilichoniudhi ni kwamba bibi aliendelea kuimba. Kila jioni anasonga ugali, kidogo kuliko wa jana, anapika mlenda, na huku anaimba nyimbo za kanisani kana kwamba kesho ni Krismasi. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, unaimbia nini hasa? Kwani huoni?"

"Naona, mjukuu wangu, macho ninayo," akasema. "Njaa imeshachukua shamba. Unataka niipe na mdomo?"

Nilinyamaza, lakini sikuridhika. Moyoni nilisema, haya ndiyo yale yale ya dini kuwa kasumba ya kuwalaza maskini. Na hata leo naona hoja hiyo si ya kupuuzwa, ndugu msomaji. Hebu tuitazame kwa haki.

Wapo watu ambao wakimwona maskini humwambia, "Badili mtazamo wako." Tajiri asiyelipa vibarua wake naye huhubiri uvumilivu. Siku hizi wapo hata wahubiri wanaofundisha kwamba umaskini ni mawazo tu, ukiwaza utajiri utakuja. Jamani! Mtazamo hausongi ugali. Wahenga walishasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na njaa nyingine huletwa na watu, si mawingu. Wazee wa Ugogo walisimulia habari za Mtunya, ile njaa kuu ya miaka ya Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake, hadi mwaka 1920. Mvua ilikosekana, ndiyo, lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mtu ambaye angesimama mbele ya watu wale na kuwaambia "furahini tu" angestahili kupigwa mawe.

Kwa hiyo kama furaha ni kujidanganya kwamba mambo ni mazuri, mimi siitaki. Wala bibi, nilivyokuja kugundua, hakuwa nayo furaha ya namna hiyo.

Niligundua hivi. Tangu mwaka 2012 hutolewa taarifa ya dunia inayopanga nchi kwa kipimo cha furaha. Ile ya mwaka 2017 iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Watu wengi walikasirika. Eti sisi, wacheka hovyo, wapenda ngoma, tuwe karibu na mkia? Lakini swali lenyewe halihusu kucheka. Mtu anaambiwa afikirie ngazi yenye vipandio kuanzia sifuri hadi kumi. Juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote anayoweza kuyapata, chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote. Kisha anaulizwa, wewe umesimama wapi?

Jioni moja, katika kununa kwangu, nikaamua kumpima bibi. Nikamweleza ile ngazi. Alisikiliza vizuri, akahesabu kwa vidole, akasema, "Cha pili. Mwaka jana nilikuwa cha nne."

Nikaona nimemkamata. "Sasa mbona unaimba?"

"Wewe umeniuliza nimesimama wapi," akasema. "Hujaniuliza nimesimama na nani."

Jibu lile limenifuata hadi leo. Angalia, bibi hakudanganya kuhusu ngazi. Hakusema yuko cha nane kwa sababu ameokoka. Alitaja kipandio chake bila aibu, kisha akaendelea kuimba. Maana yake ni kwamba hali ya mtu na furaha ya mtu ni ndugu, lakini si mtu mmoja. Mara nyingi hutembea pamoja, ila yaweza kutokea mmoja akaanguka na mwingine akabaki amesimama.

Jambo hili halikugunduliwa na Wakristo peke yao. Zamani aliishi mwanafalsafa aliyeitwa Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, baadaye akawa mwalimu huko Ugiriki. Alifundisha kwamba yako mambo yaliyo mikononi mwetu na mengine hayamo, na kwamba uamuzi wa namna ya kuyapokea mambo ni wetu sisi. Mtumwa akisema hivyo hatuwezi kumwambia hajui shida. Namheshimu. Lakini namwona kama mtu aliyejifungia ndani ya ngome yake, peke yake, akijilinda asiumie.

Imani ya bibi haikuwa ngome. Bibi aliumia, na alimwambia Mungu kwamba ameumia. Usiku nilimsikia akisali, na sala zile hazikuwa na adabu ya ibada ya Jumapili. Alikuwa anadai! Mwanzoni nilidhani ni upungufu wa imani, hadi nilipokisoma kitabu cha nabii Habakuki, kile kifupi, sura tatu tu. Wengi tunaipenda sura ya mwisho, pale anaposema kwamba hata miti isipozaa, mashamba yasipotoa chakula na zizi likabaki bila ng'ombe, bado atamfurahia Bwana. Kwa Mgogo maneno hayo hayahitaji mfasiri. Zizi tupu tunalijua. Lakini tunasahau kwamba nabii huyo huyo anafungua kitabu chake kwa malalamiko, anamuuliza Mungu atalia mpaka lini bila kusikilizwa. Furaha ya sura ya tatu imepitia kilio cha sura ya kwanza. Ukikata kilio ukabakiza furaha, unabaki na unafiki. Hata mtume Paulo, aliyewaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, anasema kuridhika alijifunza. Kumbe hakuzaliwa nako! Ni somo, kama hesabu, na wengine tunarudia darasa.

Lakini utaniuliza, hiyo furaha ilisaidia nini? Tumbo lilishiba? La hasha. Ngoja nikusimulie habari ya kibuyu cha mbegu.

Mwezi wa Machi mtama wa kilindo ulikuwa karibu kwisha. Nikamwambia bibi tusage mbegu. Akakataa kabisa. Baada ya siku mbili akaja jirani yetu, mama wa watoto wanne, mumewe amekwenda kutafuta vibarua na hajarudi. Bibi akampimia kopo mbili kutoka kwenye kile kidogo cha kula. Nikapandisha sauti, naona haya kusema, nikapandisha sauti mbele ya mgeni. Bibi hakunijibu. Alimsindikiza mwenzake hadi njiani, akarudi, akaendelea na kazi zake.

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza, kati yetu wawili ni nani aliyeshindwa na njaa? Tulikula chungu kimoja, ugali ule ule. Lakini mimi mwezi mzima nilikuwa nahesabu: nahesabu kopo, nahesabu waliopata kazi, nahesabu walionikosea. Bibi alikuwa na nafasi. Nafasi ya kumwona jirani, nafasi ya kutunza mbegu ya mvua ambayo hakuna aliyemwahidi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba furaha haikumfanya asiione njaa. Ilimzuia njaa isimfanye mchoyo.

Wala haikumfanya bubu. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa kuzungumzia chakula cha msaada, bibi alikuwa wa kwanza kusimama. Aliuliza chakula kitafika lini, na akataka wajane waandikwe mwanzo. Alisema kwa tabasamu, lakini hakukaa mpaka alipojibiwa. Anayedhani mtu mwenye furaha hadai haki yake, hajakutana na bibi yangu.

Na mimi je? Sikubadilika kwa usiku mmoja, nisikudanganye. Nilianza na kitu kidogo tu. Niliwakusanya wale watoto wanne wa jirani chini ya mti nikawafundisha kusoma. Baada ya wiki mbili walikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyenilipa. Lakini asubuhi nilikuwa na mahali pa kwenda, na watu walioniita mwalimu. Hasira zangu mbili zikaanza kukosa muda wangu.

Desemba iliyofuata tulipanda ile mbegu. Mvua haikuwa nzuri sana, tulivuna wastani. Kazi ya cheti sijapata mpaka leo ninapoandika, na bado naomba na bado nadai, maana vijana kukaa bila kazi ni jambo baya na mtazamo wangu haulifanyi liwe zuri.

Sasa basi, nirudi kwenye swali langu. Mwenye njaa aweza kuwa na furaha? Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, aseme kweli kuhusu kipandio alichosimama, asijipambe. Pili, alie, na amlilie Mungu wazi wazi bila kuogopa. Tatu, mkono wake usifunge. Na sharti la nne si lake, ni letu sisi tunaomtazama: tusiisifu furaha yake ili tupate kisingizio cha kutompa chakula.

Anayepinga aandike, nitamsoma. Lakini kabla hajashika kalamu, namwomba ajiulize lile swali la bibi. Wapi umesimama najua utanijibu upesi. Umesimama na nani?